Sanduku la Mzee Jeki Lililobonyea

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya magari ya hospitali yetu, Mzee Jeki anastaafu tarehe 30 Juni. Nilipangiwa kuandika wasifu wa kuchekesha. Sasa naandika kingine.

Alianza kwa kuosha vipuri, akapanda hadi fundi mkuu. Jina la Jeki lilitokana na ubishi wake: breki ya mkono haipitishwi mpaka magurudumu yote mawili ya nyuma yainuliwe, breki ivutwe, naye ayazungushe moja moja. Moja likishika na jingine likizunguka, alikataza katakata kukaza tu kebo inayovuta breki na kujidanganya kwamba kazi imekwisha. Ufungue upande usioshika, utazame kilichokwama. Tulimtania kwamba hata baiskeli ya mkewe huipandisha jeki.

Sanduku lake la vifaa limebonyea katikati. Alidai alilikalia akiwa ameshiba, na kwa tumbo lile, nani angebisha?

Jumatatu alinirithisha sanduku hilo. Chini kabisa nikakuta karatasi ya kazi ya miaka tisa iliyopita: gari la wagonjwa, breki ya mkono inashika upande mmoja. Lo! Mwandiko wangu. Nimekaza kebo, nimetia sahihi. Upande wa kushoto sikuufungua.

Nilimkimbilia dereva wa gari lile, akanitobolea yote. Siku ile Mzee alisoma karatasi yangu, akalifuata gari mbio hadi kwenye mteremko wa wodi ya wazazi. Alilikuta limeanza kurudi nyuma, na nyuma yake kina mama watatu wamekaa kwenye benchi na wachanga wao. Akasukumiza sanduku chini ya gurudumu. Kisha akabadilisha kebo ya kushoto, iliyokuwa imeganda kwa kutu, akamsihi dereva anyamaze. Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio. Ningefukuzwa kabla ya chakula cha mchana.

Kesho yake alinisimamia nikainua magari yote uwanjani, moja baada ya jingine. Nilinung'unika kutwa nzima, nikamwita mkorofi.

Mzee wangu, nisamehe, na ahsante. Karakana nzima inakuombea afya, usingizi mnono na siku nyingi za raha na Mama. Sanduku nitalitunza, ila kulinyoosha, sitalinyoosha.