Mama Koki na Siku Tuliyouosha Mto kwa Ajili ya Wageni

Mwenzetu Mama Koki anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja katika kituo chetu cha majitaka. Wameniambia niandike mimi, mlinzi wa geti la chini, na wamefanya la maana, kwani vijana wa ofisini hawakuwepo. Shule sikukaa sana, lakini macho ninayo, na hakuna anayemjua mama huyu kunizidi.

Alianza kama mfagizi. Fundi wa koki alipoumwa mgongo, mama akaambiwa amshikie kazi wiki moja tu. Wiki hiyo ndiyo inaisha sasa.

Koki yenyewe ni gurudumu la chuma pana kama meza. Ukilizungusha, majitaka ya mji mzima yanamwagika mtoni, kwa sababu mabwawa ya kuyasafisha yalikufa zamani. Mama Koki anakaa bondeni, na wajukuu zake wanatokwa na vipele mwili mzima kwa maji hayo hayo. Kwa hiyo hafungui hivi hivi. Kwanza anapaza sauti, "Kuna mtu mtoni?" Mimi huku chini naangalia, najibu, "Hakuna mtu!" Bila jibu langu hafungui, hata bosi aje na tarumbeta. Siku moja nilichelewa kujibu kwa kuwa nilikuwa nakula. Akasubiri nimalize, kisha akaniuliza, "Mzee, hilo koo ni la kumezea tu?"

Sasa sikilizeni lililonitoa macho mpaka leo. Mwaka jana serikali ilileta kamati ione kama mto wetu unastahili fedha za umma za kuusafisha. Ilikuwa tuwaonyeshe uchafu, sivyo? Loo! Sisi mgeni akija tunasafisha, ndiyo mazoea ya kituo. Mkuu akaamuru koki ifungwe siku tatu, nyasi zifyekwe, mawe yapakwe chokaa. Nilifyeka mimi, na ukingo ule haujawahi kupendeza vile. Mvua nayo ikanyesha, ikausuuza mto. Wageni walipofika, ukitazama maji unaona hadi kokoto.

Mwenyekiti wa kamati akashuka hadi kwenye maji, akavuta pumzi, akasema, "Mbona mto mzima kabisa huu? Fedha tuwapelekee wenye shida."

Jamani! Mkuu wetu akabaki anatabasamu kama picha ya ukutani. Yaani tumejinyima wenyewe kwa fyekeo langu!

Mara nikasikia kutoka juu, "Kuna mtu mtoni?"

Mdomo una mazoea yake. Nikajibu kwa nguvu zote, "Hakuna mtu!"

Maji ya siku tatu yakaja kwa mkupuo, meusi tii, na harufu ambayo sitaiandika humu. Mwenyekiti alipanda ukingo na kiatu kimoja. Nilishika kichwa. Mama ambaye hajawahi kuchelewa, hajawahi kubisha amri hata ya karani, leo ndiye huyu? Mkuu alipomfokea, alijifuta mikono, akasema, "Wamekuja kuuona mto, bosi. Ule wa mwanzo haukuwa wetu."

Kukawa na maneno kwamba atafukuzwa, na kiinua mgongo asikione. Hakuomba msamaha. Lakini mwenyekiti alikuwa ameshaona, na ameshanusa. Fedha zikapitishwa, maneno yakaisha, na leo mabwawa mapya yanachimbwa nyuma ya stoo, ingawa matingatinga yameniharibia ukingo wangu wote.

Mama Koki, asante kwa kutushtua. Nenda kapumzike, afya na furaha vikae nawe nyumbani. Mimi nipo getini bado, wamejaribu kunistaafisha wameshindwa. Mabwawa yakikamilika koki yako itachomelewa isifunguke tena. Siku hiyo simama pale juu, upaze sauti kama kawaida. Ukisikia nimejibu, "Wapo!", usishtuke. Ni wajukuu zako wanaogelea.