Bi Barke na Hadithi Isiyo na Mwenyewe

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama. Ile hadithi ya dada wawili wa kisiwa cha Chovai, ambayo wengi wenu mmeisikiliza katika kikundi chetu cha simu na kubishana juu yake, niliiandika mimi, Tasnim, niliyemaliza shule mwaka jana na ninayepanga vitabu hapa ofisini. Nalisema leo kwa ajili ya Bi Barke. Taarifa hii imetumwa kwa watumishi wote na wanakikundi wote, isipokuwa yeye.

Bi Barke Mahmoud anastaafu Alhamisi, tarehe 30 Januari 2025, baada ya kutumikia miaka kumi na miwili katika chumba cha vitabu cha jumuiya yetu, Kismayo. Kabla ya hapo alifundisha watoto kusoma katika kambi ya wakimbizi, Kenya. Aliporudi alikabidhiwa ufunguo na maboksi machache ya vitabu, na akagundua mapema kwamba wasomaji wake wengi hawako mjini. Wako visiwani, Mombasa na Ulaya, na baadhi yao hawakupata kusoma kabisa.

Basi akaanza kuwasomea. Anajirekodi kwa simu, kipande kwa kipande, kisha anatuma kikundini. Mabaharia wa Chula wanapoleta samaki sokoni hupita chumbani, hukaa kwenye benchi la mlangoni na kujaza simu zao rekodi, kisha huzipeleka kisiwani. Safari inayofuata hurudi na maoni. Ndiyo maana Chula huanza kukasirikia jambo ambalo Ulaya wameshalisahau.

Jambo analolishikilia ni moja: jina la mwandishi halitajwi mpaka hadithi iishe na wasikilizaji waseme yao, na mwandishi akitaka, halitajwi kabisa. Kwetu, ukileta hadithi, kwanza unaulizwa wewe ni mwana wa nani. Jibu likipatikana, kinachopimwa ni ukoo na hadithi imeachwa pembeni. Bi Barke aliukata mzizi huo. Bila yeye nisingethubutu kununua laini ya pili na kumtumia kurasa zangu kwa namba asiyoijua.

Siku moja, Bi Barke akiwa katikati ya kurekodi, muuza samaki alibisha mlangoni. Yeye akasahau kuzima simu, akabishania bei ya samaki changu mpaka akashushiwa, kisha akaendelea kusoma kana kwamba hakuna kilichotokea. Layla, aliyeko Ulaya, akauliza kama yule muuza samaki atamwoa dada mkubwa. Wengine wakamuunga mkono. Nilikuwa sina muuza samaki hata mmoja katika hadithi yangu. Sehemu iliyofuata akawamo, na sasa ndiye anayependwa kuliko wote.

Si kila maoni yalikuwa matamu. Niliandika kwamba dada mdogo alimpiga pweza mara moja tu, akamtia motoni. Kutoka Chula, ambako mtu huitwa mchu, Ami Husseini akatuma rekodi: "Mchu huyu hajapata kushika pweza." Akaeleza kwa kirefu jinsi anavyopigwa mwambani hadi atoe povu. Nililia kidogo. Bi Barke hakunitetea wala hakunicheka. Alisema tu, "Mwandishi, umesikia. Jibu kwa kalamu." Nikaiandika upya sehemu ile, na Ami Husseini akakiri kwamba huyu sasa ni wa kwetu.

Tangu hapo wengi wanaamini mwandishi ni bibi mzee wa Chovai. Tahir wa Mombasa aliapa kuwa ni shangazi yake, akampelekea pongezi. Shangazi naye akazipokea.

Wiki iliyopita Bi Barke alituma ujumbe ambao haukuwa hadithi. Alisema hivi: "Nimewasomea ya wengine miaka yote. Kabla sijaondoka nataka kumsikia mwandishi wa Chovai kwa sauti yake. Na asipopatikana wa kusoma baada yangu, kikundi tukifunge kwa heshima."

Hakuna aliyejitokeza. Faisal, mkuu wetu, amejaribu, lakini husoma kama mtu anayefukuzwa. Mimi niliombwa pia. Nilitikisa kichwa nikaenda kupanga maboksi yaliyokwisha kupangwa. Wanaonijua wanajua kwamba sijapata kumtumia mtu yeyote rekodi ya sauti, hata ya salamu.

Lakini sehemu ya mwisho ya dada wawili imeshaandikwa, na sijampelekea. Alhamisi, baada ya swala ya Alasiri, tukishamkabidhi zawadi, nitakaa kwenye kiti chake, nitabonyeza kitufe na kuisoma mwenyewe, yeye akiwa mbele yangu. Ijumaa ya wiki inayofuata nitasoma ya mtu mwingine, na kikundi hakitafungwa. Nimeshamwambia Faisal nitaichukua kazi. Sababu sikumwambia, naye anaisoma hapa pamoja nanyi.

Bi Barke, ingawa leo huyasomi haya, tunakushukuru kwa sauti uliyowakopesha watu wengi kiasi hiki. Mwenyezi Mungu akupe afya na raha nyumbani kwako, na sasa iwe zamu yako kusomewa.

Nanyi wenzangu, zimebaki siku chache tu. Akiwauliza kama mmempata mwandishi wa Chovai, semeni bado mnamtafuta. Shangazi wa Tahir aendelee kupokea pongezi mpaka Alhamisi. Nawaomba, Bi Barke asilijue hili mpaka alisikie kinywani mwangu.