Mkunga Aliyetaka Foleni

Wasikilizaji wapendwa, wekeni birika la chai pembeni kidogo. Lalla Tuda Uhamu, mkunga wa zahanati ya Tamsult, hatunaye tena. Amefariki Jumapili, akiwa na miaka sitini na mbili.

Mnaukumbuka ule mwaka wa kwanza zahanati za serikali milimani kwetu zilipoanza kushindanishwa? Wakaguzi walipita, wakatoa alama, orodha ikatangazwa. Tamsult ikawa ya thelathini na saba. Na zahanati zote zilikuwa thelathini na saba.

Tuliomwangusha ni sisi wenyewe, tena kwa mapenzi. Siku ya ukaguzi wanawake walibaki nyumbani, zahanati isionekane imejaa, na wakawapikia wageni kuskusi. Wakaguzi wakakuta mabenchi matupu. Wakala, wakashukuru, wakaandika kwamba hapa hapana wagonjwa. Ikaja barua: mkishika mkia tena, chumba cha kuzalia kinafungwa. Nanyi mnaijua barabara ya mjini wakati wa theluji.

Bintiye, Yamna, anasimulia: "Mama alilia, halafu akavaa viatu. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia, 'Mwaka huu sitaki sahani ya mtu. Nataka matumbo yenu na midomo yenu.'"

Wakaja, wasikilizaji wapendwa. Foleni ilifika nje ya geti. Mkaguzi akamuuliza bibi mmoja, Lalla Rabha, kama anaridhika na huduma. Bibi hakumung'unya maneno.

"Mwanangu, hapa maji hamna tangu Shabani. Na huyu mkunga wenu ana mdomo huyu. Mkwe wangu ana uchungu, yeye anamfokea."

Tuda alikuwa amesimama palepale.

"Andika," akamwambia mkaguzi. "Ni kweli. Yote mawili."

Alama za lugha kwa wagonjwa alikatwa. Lakini wagonjwa walionekana, na tangi la maji likaletwa. Tamsult ikawa ya thelathini na moja. Chumba hakikufungwa. Mwaka jana tulikuwa wa kumi na mbili, na nasikia hata kufoka alipunguza.

Kwa mzee Haddu, mumewe, kwa Yamna na ukoo mzima: poleni sana. Mungu amrehemu. Nasi tujiulize ni mara ngapi tumenyamaza kwa adabu, akaumia jirani.

Alhamisi wakaguzi wanakuja. Mkunga sasa ni Yamna. Nilimuuliza niwaambie nini ninyi wasikilizaji. Akafuta macho.

"Waambie waje. Mama walimsema mbele ya wakaguzi. Na mimi waniseme."