Bi Koulsoum Nje ya Lango

Jumanne hii, tarehe 28 Juni 2011, Bi Koulsoum Mdahoma anastaafu baada ya kuutumikia umoja wetu wa wakulima wadogo wa kisiwa cha Nosy Be, Madagaska, kwa miaka thelathini na miwili. Waliofika mapema wameuliza kwa nini mikeka imetandikwa kando ya barabara ya Andilana na si ndani ya shamba la Rahamatou, penye kivuli. Mimi Fazul, dereva wake tangu 1988, ndiye niliyeombwa kuandika wasifu huu, kwa hiyo jibu ni langu kulitoa, ingawa nisingependa.

Alizaliwa mtaa wa Tanambao, mjini Mahajanga, katika familia ya Kikomoro. Mwaka 1977 baba na kaka zake walihamia Komoro. Yeye na dada yake Saïda wakabaki. Miaka miwili baadaye akaja kwetu kupima uzito wa maua ya mlangilangi, yale ya kutengenezea manukato. Alikuwa hajawahi kushika jembe. Wiki ya kwanza aliingia shambani na viatu vya kisigino, na kimoja hakijaonekana hadi leo.

Wakati huo maua ndiyo yalikuwa kila kitu. Mnunuzi mkubwa alipoacha kuja, watu wakaanza kukata milangilangi wachome mkaa. Bi Koulsoum alipita nyumba kwa nyumba akiwasihi waiache miti, wapande kati yake vanila, pilipili manga na mananasi, na waweke mizinga ya nyuki pembeni. Wengi walimwona mtu wa mjini anayejisemea. Rahamatou, mjane aliyeishi na binti yake Hayrat na mama mkwe wake, alimsikiliza. Mwaka ambao vanila yote iliharibika, asali na mananasi ndivyo vilivyowalisha.

Kisha likaja wazo la wageni. Huku kila kijiji kina siku yake ya fady, siku ambayo ni mwiko kutia jembe ardhini, na hapa ni Jumanne. Bi Koulsoum aliona kwamba siku hiyo kila mtu ana nafasi. Basi akawaleta watalii wa hoteli za Andilana wanuse maua, waelezwe jinsi mafuta ya maua yanavyokenekwa kwa mvuke, wale kuku wa nazi mezani kwa Rahamatou na kuondoka na asali. Rahamatou akaezeka bati, Hayrat akamaliza sekondari. Leo mashamba kumi na moja yanapokea wageni.

Mwaka 1996, shambani kwa Rahamatou, mgeni mmoja wa kike aliomba apande mche wa pilipili manga. Kwa furaha ya kuona mtalii anapenda kilimo, Bi Koulsoum akachukua jembe akampa, na mche ukapandwa. Ilikuwa Jumanne. Mimi nilikuwepo, na wala sikukumbuka. Mama mkwe wa Rahamatou, ambaye sote tulimwita Dady, yaani bibi, alikuwa amekaa mlangoni. Hakupaza sauti. Alisema, kwa Kisakalava, kwamba mgeni hajui lakini Koulsoum anajua, na mguu wake usivuke tena lango lile.

Umoja ulipeleka mchele na asali, wazee waliotangulia wakaombwa radhi, na mwaka uliofuata wageni wakaruhusiwa. Yeye hakuruhusiwa. Kwa miaka kumi na minne aliwafikisha wageni langoni, akawakabidhi kwa Hayrat, kisha akakaa kwenye jiwe kusubiri. Mimi niliingia, nikala, nikamtolea sahani yake. Leo naona haya. Kila Idi alimpelekea Dady salamu, na jibu halikuja. Ukimuuliza, alisema Dady ana haki. Machi mwaka huu Dady alipofariki, nilimwona Bi Koulsoum akilia garini mpaka nikasimamisha gari. Radhi aliyoisubiri ilikuwa imeondoka na mwenyewe.

Baada ya mazishi Rahamatou alimfungulia lango. Akakataa, alisema ruhusa ilikuwa ya Dady, si ya mwingine. Rahamatou naye akaamua kwamba kama Bi Koulsoum haingii, basi shamba litatoka. Ndiyo maana tumekaa barabarani, na masufuria yamebebwa hadi hapa.

Sasa anarudi Mahajanga kwa Saïda, mwenye kishamba cha mikorosho mitupu kule Antsanitia. Kwa jinsi tunavyomjua, mwakani hakitakuwa cha mikorosho mitupu. Tumemfungia vipando vya mpilipili ule ule wa 1996, vilivyokatwa jana, Jumatatu. Haukung'olewa, na unazaa vizuri.

Bi Koulsoum, ahsante kwa miguu uliyoichosha kwa ajili yetu. Tunakuombea uzee wenye afya, na mvua ya kutosha Antsanitia. Na lipo jambo ambalo kutoka kwenye jiwe lako usingeweza kuliona, na hata sisi Hayrat ametueleza wiki hii tu. Mpilipili ule, kila jioni, miaka yote hiyo, aliyeumwagilia maji alikuwa Dady.