Jina Lililoko Tabora

Treni ilipoondoka Gulwe, Halfani, mchuuzi wa asali kutoka Kondoa, alijikuta akiwasikiliza wazee wawili Wagogo waliokaa mbele yake.

"Wajerumani wamemfunga padri wetu Mwingereza huko Tabora, zikiwa zimebaki siku tatu anibatize," alisema mmoja. "Jina nimeshachagua, Yotham. Nikisali sasa, naona kama nabisha hodi kwa mtu asiyenifahamu. Labda watamruhusu animwagie maji hata pale langoni."

"Si usubiri vita iishe?"

"Nimesubiri ubatizo huu miaka minne, tangu kabla ya vita. Kiu hii itaniua kabla vita haijaisha."

Hadi siku hiyo Halfani alidhani watu husafiri mbali hivyo kufuata ng'ombe tu.

Dodoma treni ikasimama, askari akapanda. "Wewe, jina lako nani?"

Mzee aliyetaka kubatizwa akafumbua mdomo, akaufumba, kisha akataja lile la zamani, polepole, kama anayevaa tena nguo aliyokwisha kuigawa.