Bangili ya Zambarau ya Pascalia Kadzo

Mchungaji, wazee, wakwe zetu na majirani, mimi ni mdogo wake marehemu wa kuachiana ziwa, nimepewa karatasi hii niisome kwa upole, nitajaribu.

Dada yetu Pascalia Kadzo Charo alizaliwa Likoni tarehe 14 Machi 1979, akapata polio angali mchanga, mguu wa kushoto ukadhoofika, lakini alisoma hapa hapa Likoni hadi kidato cha nne, akamaliza mwaka 1997.

Mwaka 2003 aliajiriwa Bombolulu, karakana ya vito ya watu wenye ulemavu, akateseka kwa vipele kila aliposhika shaba, hadi mnunuzi wa ng'ambo alipowaletea niobiamu, metali ya kijivu isiyopata kutu wala kuwasha ngozi, ambayo viwandani hutiwa kidogo tu katika chuma cha pua na mabomba ya gesi yakawa imara, na pia huingia katika injini za ndege. Ukiitumbukiza katika maji ya magadi na kuipitishia umeme, utando mwembamba huota juu yake, ikaonekana buluu, kijani au zambarau bila tone la rangi. Bangili yake ya kwanza ilikuwa ya zambarau, akaivaa siku ya harusi yake na shemeji Dancun Odhiambo, tarehe 3 Desemba 2005, wakajaliwa Carolyne na Ronny.

Mwaka jana mwezi wa Agosti alianza kuumwa kichwa, akapelekwa kwenye mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo, akaambiwa avue vyuma vyote, akavua bangili akicheka, kwani nyaya za sumaku ile nazo zina niobiamu, akampa baba mdogo Garama amshikie. Uvimbe ulionekana. Kila alipoidai bangili aliambiwa ipo salama, na tarehe 9 Februari akafariki mkono mtupu.

Sasa niseme, nimeshikwa na kinyaa tangu Jumapili. Sisi tukipanga mazishi, Carolyne alimkuta baba mdogo nyuma ya nyumba akiikwangua bangili kwa msasa, akitafuta dhahabu chini ya zambarau, mwili wa mwana wa nduguye ungali mochwari. Shikamoo, baba mdogo, heshima yako ipo, lakini kitendo kile kinatapisha. Dhahabu haikuwemo, ilitoka kijivu tupu.

Carolyne, aliyefunzwa na mamake, aliiosha, akaitia katika maji ya magadi na umeme wa betri, zambarau ikarudi, mikwaruzo ikabaki. Marehemu ameivaa. Wanaojiandaa kubeba jeneza karibuni, isipokuwa baba mdogo, akae.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Likoni waliotupikia, mafundi wenzake wa Bombolulu waliovuka feri na magongo yao.

Dada, pumzika kwa amani, na bangili usimpe tena mtu akushikie.