Kiguu na Njia: Maisha ya Dada Yetu, Mwalimu wa Watafiti wa Kilimo

Ndugu, majirani na nyote mliofika kumsindikiza dada yetu: yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kuvumilia hotuba ndefu. Kwenye mikutano alikaa karibu na mlango, na wote tunajua kwa nini. Tutasema yaliyo ya lazima, na machache tusiyoweza kuyaacha.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkulima wa mtama. Tulimfuata wadogo wanne. Bibi ndiye aliyemwita Kiguu na Njia, na jina likamganda. Akitumwa chumvi kwa jirani, alirudi na habari za nyumba tatu, chumvi kaisahau.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965. Alipokuwa darasa la sita, mvua ilikatika mtama ukiwa ndiyo kwanza unatoa masuke. Mama alipanda upya, ukakauka, akapanda tena. Dada akamuuliza, “Mama, nani anajua mvua itarudi lini?” Mama akajibu bila kuinua kichwa, “Angekuwepo, ningeshamgongea mlango.” Mara nyingi alitusimulia jibu hilo, na hakuwahi kulicheka. Alimaliza sekondari ya bweni mwaka 1977, akasomea kilimo chuo kikuu, na mwaka 1982 akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa mazao.

Aliolewa tarehe 16 Agosti 1986 na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, mtu mtulivu kama maji ya mtungini. Shemeji husema, “Nilimposa tukitembea. Ningengoja akae, ningezeeka.” Walijaliwa binti, ambaye ni muuguzi, na mwana, fundi umeme.

Mwaka 1996 alikabidhiwa mafunzo ya watafiti vijana. Ofisini kwake kiti cha mgeni kilibeba mifuko ya udongo, kwa hiyo mgeni alisimama, na mazungumzo yakawa mafupi. Aliwafundisha vijana kutafuta mbegu na njia za kilimo zitakazomfaa mkulima katika misimu hii isiyotabirika. Yeye mwenyewe hakuridhika na chochote. Kila jibu alilopewa alilipindua kutazama chini yake kuna nini.

Mwaka 2005 ulikuwa wa ukame mkali. Ndani ya kituo, mtama wa majaribio ulikuwa kijani, kwa sababu ukinyauka kidogo, pampu iliwashwa. Nje ya uzio, mashamba ya watu yalikuwa yameungua. Asubuhi moja alitoka akayazunguka mashamba yale, akarudi, akazima pampu, akatia mfukoni ufunguo wa chumba cha pampu.

Mwanafunzi mmoja, ambaye wenzake walimwita Profesa kwa kupenda tai, alimjia mbio.

“Mama, unatuua! Kazi yangu yote iko pale!”

“Najua. Na huko nje chakula cha watu kiko shambani. Wao hawana pampu.”

“Lakini mpango wa majaribio unaruhusu maji!”

“Basi andika hivyo: mbegu hii inastahimili ukame, mradi imwagiliwe.”

Sehemu kubwa ya shamba ilikufa, na mbegu za Profesa zilikufa zote. Mkuu wa kituo alimwondoa dada kwenye mafunzo, akampeleka kusimamia ghala la vifaa. Profesa aliacha masomo, akaenda kuuza simu, na salamu ya dada hakuitikia tena.

Nyumbani tulimwona akizunguka kutoka sebuleni hadi jikoni, na kutoka jikoni hadi uani, chai ikipoa. Shemeji alimwambia, “Lakini si ulifanya lililo sawa?” Akajibu, “Nilikuwa sahihi kuhusu maji. Lakini wale watoto nilipaswa kuwaambia kabla ya kupanda.”

Akaanza kwenda kwa Profesa. Alibisha, hakufunguliwa, wiki iliyofuata akarudi. Aliendelea hivyo mpaka kijana akachoka, akafungua mlango. “Ingia basi, mama. Majirani wameshaanza kudhani wewe ni mama mkwe wangu.” Dada alimwomba radhi hapohapo kizingitini, kisha akamwambia, “Sasa njoo tujue zile mbegu zilikufa kwa nini.”

Profesa alirudi shule, akaandika tasnifu yake juu ya mbegu zilizokufa, na akafaulu. Mbegu chache za wenzake zilizopona pale shambani zilifika kwa wakulima, na waliozipanda walivuna hata misimu mibaya. Mwaka 2009 dada alirudishiwa mafunzo, kwa sharti alilolitaka yeye: mtafiti asimshauri mkulima chochote ambacho hajakilima katika shamba la mkulima, kwa mvua ya mkulima.

Tulidhani sasa atatulia. Wapi! Mwaka 2019 maji ya mafuriko yalituama mashambani na ule mtama ukaoza. “Tulijiandaa kwa kiu,” alisema, “mvua mwenzetu kaja na gharika.” Kesho yake alikuwa tena na vijana wake, matope hadi magotini, akiwa na miaka sitini na moja.

Maradhi ya moyo yalimwanza mwaka 2022. Daktari aliagiza mapumziko. Muuguzi wa zamu akamkuta kwenye kibaraza cha wodi, akiwa kazungukwa na wanafunzi.

“Mama, si umeambiwa ulale?”

“Nimelala usiku kucha, mwanangu. Mtu alale mara ngapi?”

Tarehe 14 Novemba 2023 alimwomba shemeji amvalishe viatu. Shemeji alimvalisha, cha kulia kisha cha kushoto, akafunga kamba, ingawa alijua hawaendi popote. Mchana huo dada akafariki.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, sisi wadogo zake wanne, na watafiti aliowafundisha, walioenea mashambani kote. Wanaoendelea na mafunzo wamesimama pale nyuma pamoja na mwalimu wao wa sasa, Profesa. Mvua ya kwanza ilinyesha jana, na wameomba ruhusa waondoke tukishamzika, bila kungoja chakula, wakawahi kupanda na wakulima. Familia imewaruhusu.

Mwenyezi Mungu ampokee dada yetu, na amjalie amani na pumziko.